Softiboksi haina ulaini ndani yake: dhana potofu kuhusu taa za studio

Wanaoanza kupiga picha za studio hupoteza hela nyingi kwa imani moja: kwamba mwanga laini hununuliwa, umo ndani ya kitambaa cheupe cha softiboksi, lile boksi la kitambaa linalovikwa taa ya studio. Sivyo. Ulaini hutokana na ukubwa wa taa kama inavyoonekana kutoka usoni pa anayepigwa picha. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150. Kwetu ni kitone, na vivuli vyake vya saa sita mchana vina ukingo mkali. Wingu likilifunika, wingu zima linageuka kuwa taa na vivuli vinafifia. Softiboksi ya sentimita 90 ikiwa mita moja kutoka usoni ni wingu. Isukume hadi mita nne, umejitengenezea kijua.

Ndiyo maana kile kikofia cha plastiki kinachovikwa flashi ya juu ya kamera hakilainishi chochote uwanjani. Ndani ya chumba husaidia kwa kutawanya mwanga ukagonga dari na kuta, na hizo ndizo zinazokuwa taa. Kuta zikiwa za kijani, utapata nyuso za kijani.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba ngozi nyeusi inataka flashi ipigwe kwa nguvu. Ongeza nguvu uone: kanzu nyeupe inakuwa nyeupe tupu pichani, mikunjo yake inapotea, na ngozi inapauka. Umbo la uso mweusi huchorwa hasa na mng'ao unaopita juu ya shavu, pua na paji. Taa ndogo tupu huacha vitone vyeupe vikali, kisha lawama zinaangukia jasho na poda. Weka taa kubwa karibu, kwa ubavu, uizungushe polepole mpaka mng'ao mpana ulale shavuni. Upande wa pili simamisha ubao mweupe, upate mng'ao mwingine hafifu. Nguvu ya flashi haijaguswa.

Dhana nyingine: "Ukuta mweupe hauwezi kutoa picha yenye giza nyuma." Unaweza. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta ukiwa mita 4 kutoka kwenye taa, ukuta unapata sehemu moja tu ya 16, mradi mwanga usidunde kutoka kuta za pembeni.

Kuhusu shata, kile kifuniko ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, kwa kifupi: kuongeza kasi yake hakupunguzi mwanga wa flashi. Flashi huwaka na kuzimika upesi mno, hivyo kasi ya 1/60 na ya 1/125 ya sekunde huipokea sawasawa. Kinachobadilika ni mwanga wa balbu na madirisha. Ukipita 1/200 au 1/250, kwa kamera nyingi, unaanza kuona mkanda mweusi pembeni mwa picha. Ukitaka mwanga wa flashi upungue, punguza nguvu yake, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), au uwazi wa lenzi.

Na taa tatu, ambazo wengi hudhani studio haikamiliki bila hizo, si lazima. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana tu. Mimi taa ya pili ningeinunua kwa ajili ya nywele nyeusi zinazomezwa na pazia jeusi. Kwa kivuli cha shavuni, kipande cha foamu nyeupe kutoka kwenye boksi la friji kinatosha.