Umakini uwanjani sio kuuwazia mguu wako

Kuna hii imani ya siku nyingi kwamba ukitaka kuwa makini mchezoni lazima ufikirie kila kiungo, sijui kiwiko kiko wapi, goti limekunjwa vipi, na makocha wengi bado wanapiga kelele hivo hivo. Kiukweli kwa mtu aliyeshauzoea mchezo inamvuruga, manake mwili ulishajifunza ile kitu inajiendesha yenyewe, sa ukianza kuisimamia hatua kwa hatua ndo inakatika katika, na presha ikipanda ndo kabisa, penati ya mita 11 unaipaisha juu.

Mwaka 1998 Gabriele Wulf, mtafiti wa jinsi watu wanavyojifunza michezo, na wenzake walitoa utafiti, watu wamepandishwa kwenye mashine ya kuigiza kuteleza kwenye theluji, walioambiwa wawazie magurudumu yaliyo chini ya miguu yao wakajifunza vizuri kuliko walioambiwa wawazie miguu yenyewe. Tofauti ndogo hivo tu eti! Baadae ikajaribiwa kwenye gofu, kwenye vishale, kwenye basketi, na mara nyingi majibu yanaelekea huko huko.

Kwa hiyo kwenye basketi ukipewa mtupo huru angalia ringi, tuliza macho pale pale kabla hujarusha, kiwiko achana nacho. Anaeanza kabisa anaweza kuelekezwa mwili kidogo ila nae asizidishiwe. Na akili ikitangatanga katikati ya mechi usijilaumu, irudishe tu kwenye mpira, hakuna anaekaa makini dakika 90 mfululizo bila kupepesa.