Bakteria wa mizizini na mavuno ya viazi mviringo

Mkulima wa Njombe au Mbeya anapoweka mbolea ya kupandia, sehemu kubwa ya fosforasi (kirutubisho cha mmea) iliyomo haifiki kwenye kiazi msimu huo. Udongo mwekundu wenye tindikali una chuma na aluminiamu nyingi, na madini hayo huinasa fosforasi mapema. Miongoni mwa wanaoweza kuinasua ni bakteria wanaoishi milimita chache tu kuzunguka mzizi.

Bakteria hao wanafuata chakula. Mmea hutengeneza sukari kwenye majani na kuvujisha sehemu yake kupitia mizizi, ndiyo maana udongo ulioshikana na mzizi huwa na bakteria wengi kuliko ulio mbali kidogo. Baadhi ya wale wa jamii ya Bacillus na Pseudomonas hutoa asidi zinazoyeyusha fosforasi iliyonaswa. Wengine hutoa homoni zinazochochea mizizi kutoa matawi na vinyweleo. Kwa kiazi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mizizi yake haiendi chini sana. Mingi huishia kwenye sentimita 30 za juu. Isipotawanyika vizuri, mmea huona njaa na kiu hata shamba likiwa na rutuba.

Hata hivyo, kiazi si maharage. Hakina vinundu vya kukamata naitrojeni ya hewani, kwa hiyo naitrojeni bado itoke kwenye samadi au mbolea ya dukani.

Adui naye hupitia mizizini. Ralstonia solanacearum, bakteria wa mnyauko, huingia kwenye vidonda vya mizizi na kuziba mishipa ya maji. Mmea hunyauka ungali kijani. Kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi: ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndiye huyo. Hakuna dawa ya kuuponya mmea huo. Bakteria wema hupunguza nafasi yake kwa kumnyang'anya chakula na chuma, lakini hawawezi kukuokoa ukipanda mbegu yenye ugonjwa.

Zipo bidhaa za bakteria za kuchovyea mbegu. Matokeo yake hutofautiana sana shamba kwa shamba, kwa kuwa bakteria wageni hukuta wenyeji tayari. Ningeanza na mbegu safi, na samadi iliyooza vizuri, maana bakteria wema hawastawi kwenye udongo uliokosa mboji. Chokaa ya kupunguza tindikali iwekwe baada ya kupima udongo. Ikizidi, humkaribisha Streptomyces scabies, bakteria anayeharibu ganda la kiazi.

Baada ya viazi, panda mahindi au ngano; nyanya, bilinganya na pilipili ni ndugu wa kiazi na hubeba mnyauko uleule. Mmea ulionyauka ung'olewe pamoja na viazi vyake na udongo wa shinani, ufukiwe mbali na shamba. Usiutupe mtoni wala kwenye lundo la mboji, na jembe lioshwe kabla ya kuhamia tuta jingine.