Namba tasa iliyojificha kwenye programu za mahesabu

SACCO inayotumia programu ya zamani ikijumlisha akiba za wanachama, siku moja jumla inaweza kugeuka ghafla kuwa hasi: -2,147,483,648. Hakuna aliyeiba. Akiba imepita 2,147,483,647 kwa shilingi moja tu, na hapo ndipo biti 32 (tarakimu za 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba) zinapokomea, kwa kuwa moja kati yake imetengwa kuonyesha kama namba ni chanya au hasi.

Namba hiyo ni 2³¹ − 1, nayo ni tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba tasa za namna hii zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Mersenne alitaja tu. Uthibitisho ulitoka kwa mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa.

Na hapa ndipo pa kustaajabia. Kwa njia ya kawaida ungejaribu kugawanya kwa kila namba tasa hadi 46,340, yaani hadi kipeo cha pili cha namba hii, nazo ni zaidi ya 4,000. Euler alijua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 31, lazima kibakize 1. Na kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili, kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Zinasalia namba zisizozidi 373 za kujaribu. Chukua 311, ambayo ni 248 + 63. Gawanya: unapata 6,905,092, baki 35. Haifai, endelea na inayofuata. Lakini 313 huna haja hata ya kuigusa, maana ikigawanywa kwa 248 inabakiza 65. Mwalimu wa sekondari anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi hii kwa kalamu na karatasi, na ningependa sana aifanye.

Wapo wanaodhani kompyuta iliwekewa kikomo hiki kwa sababu ya utasa wake. Sivyo, imesadifu tu. Kikomo cha biti 64, yaani 2⁶³ − 1, kinagawanyika kwa 7, kwa sababu 63 inagawanyika kwa 3, na 2³ − 1 ni 7.

Kwetu Uganda kikomo cha biti 32 ni cha karibu mno kwa sababu shilingi yetu huhesabiwa kwa mamilioni. Programu inayotunza fedha kwa senti, kama nyingi zilizoundwa nje, hujaa kwenye shilingi 21,474,836 tu, fedha ambazo duka la jumla pale Kikuubo, Kampala, linaweza kuzipokea kwa siku moja. Anayenunua programu amuulize muuzaji: kiasi kinatunzwa kwa biti ngapi?

Aulize pia kuhusu tarehe. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kampala. Sekunde inayofuata, mifumo hiyo itasoma Desemba 1901. Ila tatizo halitasubiri mwaka huo. Ardhi iliyokodishwa leo kwa miaka 49 mkataba wake unaisha baada ya 2070, na mfumo wa biti 32 tayari hauwezi kuiandika tarehe hiyo.