Bodoland si nchi ndani ya nchi

Wengi hudhani baraza la kikabila lenye mamlaka ya ndani, kama la Bodoland kule jimbo la Assam, India, ni dola ndogo inayoendeshwa na wazee wa ukoo. Sivyo. Liliundwa mwaka 2003 chini ya Jedwali la Sita la Katiba ya India, yaani sehemu inayoruhusu mabaraza ya aina hii, makao yake yakiwa mji wa Kokrajhar. Viti vilikuwa 46: wajumbe 40 wa kuchaguliwa kwa kura, 6 wa kuteuliwa na gavana wa jimbo. Katika hivyo 40, 30 vilitengewa makabila na 5 wasio wa makabila. 5 viko wazi kwa yeyote, jambo linalosahaulika mno. Baraza hutunga sheria za ardhi, kilimo na elimu, lakini hazitumiki bila idhini ya gavana. Polisi nao wamebaki chini ya serikali ya jimbo.