Mfupa uliovunjika unaungaje? Maswali ya chumba cha plasta

Kazi yangu ni kufunga plasta ngumu, ile ambayo wengi wanaiita piopii au hogo. Maumivu yakishatulia kidogo, wagonjwa na ndugu zao huanza kuuliza, na maswali karibu ni yale yale. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Mfupa si kitu kikavu? Utajiungaje wenyewe?

Mfupa tunaoujua ni ule wa kwenye supu, mweupe, uliokwisha chemka. Ulio mwilini uko hai. Una mishipa ya damu, una seli, na umevikwa utando mwembamba wenye neva nyingi. Ndiyo maana ukijigonga muundi kwenye kona ya kitanda unaumia kiasi kile.

Ukivunjika unatoa damu kama nyama. Damu hiyo huganda katikati ya vipande, na kazi yote huanzia kwenye bonge hilo. Ndani ya siku chache seli kutoka kwenye utando na kwenye uboho zinalivamia. Ikifika wiki ya 2 au ya 3, pale palipokuwa na bonge pamejaa nyuzi na gegedu, laini kama sikio. Mgonjwa akipigwa eksirei wakati huo anaona ufa bado upo, anakata tamaa. Asikate. Gegedu halionekani kwenye eksirei. Baadaye kalsiamu inaingia, gegedu linageuka mfupa, na mara nyingi kati ya wiki 6 na 12 vipande huwa vimeshikana. Ngozi ikipona jeraha kubwa huacha kovu, lakini mfupa ukipona vizuri hurudi kuwa mfupa. Kila nikiweka pamoja picha mbili za mgonjwa mmoja, ya siku ya ajali na ya miezi mitatu baadaye, nashangaa upya.

Babu yake anataka tumpeleke mtoto kwa mzee anayeunga mifupa kijijini. Kuna ubaya?

Hili nalijibu kwa urefu, kwa sababu nimeona mikono ikipotea.

Wazee hao wanaaminika, na mivunjiko midogo mingi wanayoishika inaunga, kwa kuwa mfupa wenyewe unajua kuunga. Hatari iko kwenye kukaza. Mkono uliovunjika huvimba siku mbili tatu za mwanzo. Ukifungwa mabanzi na kamba kwa nguvu, uvimbe unakosa pa kwenda, unabana mishipa, na damu inashindwa kupita. Misuli iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa, na iliyokufa hairudi.

Nakumbuka mtoto aliyeletwa siku ya tatu. Vidole vilikuwa vya baridi, vimegeuka rangi, na alikuwa ameacha kulia kwa sababu hasikii tena maumivu. Mama yake alidhani amepata nafuu.

Basi, awe amefungwa na mzee au na mimi, angalieni vidole. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa ukivinyoosha vidole taratibu, ganzi, ubaridi, kubadilika rangi, kushindwa kuvichezesha. Ukiona hata kimoja kati ya hivyo, usingoje kuche. Nenda hospitali usiku huo huo, plasta ilegezwe au ikatwe. Plasta inaweza kufungwa tena kesho.

Daktari amesema mkono wa mwanangu umeunga ukiwa umepinda kidogo, lakini utanyooka. Ni kweli?

Inawezekana, na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo uwezekano unavyokuwa mkubwa. Mwilini kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya, kila siku, maisha yote. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Seli hizo hufuata mzigo: panapokandamizwa hujenga, pasipo na kazi hupunguza, na hivyo pindo hunyooka polepole. Wanaanga wanaokaa miezi angani bila uzito hupoteza mfupa wa nyonga na miguu, kama asilimia 1 kwa mwezi. Mtoto ana faida nyingine, yaani mifupa yake bado inarefuka kwenye tabaka za gegedu karibu na ncha. Tabaka hizo hufunga kwa wasichana yapata miaka 14 hadi 16, kwa wavulana 16 hadi 18. Mfupa uliounga ukiwa umezunguka kama nguo iliyokamuliwa, huo hauji kujirekebisha vizuri. Na ufa uliopita kwenye tabaka la kukua unahitaji kufuatiliwa, maana mkono unaweza kubaki mfupi.

Tumpe supu ya makongoro?

Mpeni kama anaipenda, ila kalsiamu yake ni kidogo. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana nyingi zaidi, vivyo hivyo maziwa, mtindi na uji wa ulezi. Ongezeni maharage, mayai au samaki, kwa sababu mfupa hujengwa pia kwa protini. Jua kwenye ngozi husaidia mwili kutengeneza vitamini D. Na anayevuta sigara aache. Sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Plasta imetolewa, mguu umekonda na kuna nundu ngumu palipovunjika. Mmekosea?

Hapana. Misuli imekonda kwa kukaa bila kazi, na itarudi ukianza mazoezi kwa kiasi ulichoelekezwa. Nundu ni mfupa mpya uliowekwa kwa wingi ili kushikilia. Kwenye mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, huonekana zaidi kwa kuwa ngozi pale ni nyembamba. Seli zile za kubomoa zitaichonga polepole, kwa miezi, wakati mwingine miaka. Usiikande kwa dawa ya kuchua ukidhani itayeyuka.