Mwelekeo wa kijinsia ni nini hasa, mbona wanasaikolojia wenyewe wanabishana

Juzi kijiweni Magomeni mzee mmoja kasema hayo mambo ya mtu kuvutiwa na nani ni malezi tu, dogo wa chuo akamjibu "hapana mzee wangu, mtu anazaliwa nayo", wakabishana mpaka kashata zikaisha, na kumbe wote wanarudia nadharia za watu.

Neno lenyewe kwanza. Mwelekeo wa kijinsia ni mvuto wa kimapenzi na kimwili ambao mtu anakuwa nao kwa muda mrefu, kwa wanawake, wanaume au wote, sio kitu alichofanya siku moja. Hata ambaye hajawahi kulala na mtu anao.

Mzee kasimama na Freud, yule daktari wa Austria wa mambo ya akili, aliyesema wote tunazaliwa tukiweza kuvutiwa pande zote mbili afu uhusiano wetu na baba na mama ndo unatupeleka upande mmoja. Waliomfuata wakaanza kulaumu kina mama, ushahidi haukusimama. Freud mwenyewe mwaka 1935 alimwandikia mama mmoja Mmarekani kwamba ushoga sio ugonjwa, hilo wengi hawalitaji.

Dogo yuko na baiolojia, na hapa ndo patamu. Chukua Kulwa na Doto wanaofanana kabisa, jeni zilezile, yaani vile vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Mwaka 1991 watafiti wawili, Bailey na Pillard, walichukua wanaume mashoga wenye pacha, kwa wanaofanana pacha mwenzake naye alikuwa hivyo kwa asilimia 52, kwa wasiofanana 22, na tafiti za baadaye zikashusha hizo namba. Kwahiyo jeni zimo ila haziamui peke yake, na utafiti wa 2019 wa watu karibu laki tano haukukuta jeni moja ya kusema ndo hii.

Kuna mwanasaikolojia Bem naye, 1996, anasema mtoto wa kiume anayeshinda anacheza rede na wasichana anawaona wavulana wageni, ukubwani ule ugeni unageuka mvuto. Mi naona kaivuta mno. Mwanasaikolojia mwingine, Lisa Diamond, alifuatilia wanawake kama 80 kwa miaka 10, wengi walibadili jina wanalouita mwelekeo wao, bila kusema walichagua kuvutiwa.

Nikamuuliza mzee, sasa Kulwa na Doto tumbo moja, nyumba moja, sahani moja, mbona mmoja hivi mwingine vile? Akageukia kwa muuza kahawa, "ongeza hapa", na dogo naye kimya.