Sibila ni nani katika sanaa ya Ulaya?

Sibila ni jina ambalo Wagiriki na Warumi wa kale walimwita mwanamke aliyetabiri yajayo huku akijazwa nguvu za mungu, hasa Apollo. Hawakuwa mmoja. Mwanachuoni wa Kirumi Varro alihesabu kumi, kila mmoja na kwao: Delphi, Uajemi, Libya, Cumae karibu na Napoli, na kwingineko.

Ajabu ni kuwakuta kanisani. Kwenye dari la Kikanisa cha Sistina, Vatikano, ambalo Michelangelo alilichora kati ya 1508 na 1512, masibila watano wameketi pamoja na manabii saba wa Agano la Kale, kina Isaya na Yona, katika viti vya enzi vya aina moja. Wapagani hao walifikaje hapo? Wakristo wa karne za mwanzo, akiwemo Augustino, walisoma mashairi yaliyosemekana ni ya sibila wakaona humo habari za Kristo. Mengi ya mashairi hayo yalitungwa na Wayahudi na Wakristo wenyewe, lakini imani ilishakita mizizi: kwamba mataifa mengine nayo yalipewa wajumbe wao, na wajumbe hao ni wanawake.

Mchoraji humtambulisha sibila kwa kitabu au gombo, na mara nyingi kwa kitambaa kilichofungwa kichwani. Umri nao husema jambo. Sibila wa Cumae wa Michelangelo ni bibi kizee mwenye makunyanzi na mikono minene kama ya mpiga makasia, kwa sababu hadithi yasema Apollo alimpa miaka sawa na punje za mchanga alizozishika, naye akasahau kuomba ujana.

Anayenivutia zaidi ni wa Libya. Amegeuka akiwa na kitabu kikubwa, mgongo wazi, vidole vya mguu vimekaza chini. Mchoro wake wa maandalizi, wa chaki nyekundu, uko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York: aliyekaa mbele ya mchoraji alikuwa mwanamume, na kidole gumba cha mguu kimerudiwa pembeni hadi uzito wa mwili ukakaa sawa.

Masibila wote kumi kwa pamoja wako Siena, mji wa Italia, kwenye sakafu ya marumaru ya kanisa kuu, kazi ya miaka ya 1480, kila mmoja na maneno ya utabiri wake kando.